Asali Yenye Moshi

Gongoni, Tabora
6 Juni 1937

Mchumba wangu Silasi,

Mwangaluka! Usinicheke kwa kukuamkia Kinyamwezi katika barua ya Kiswahili. Huku mjini nina wiki tatu tu na tayari masikio yangu yana njaa ya maneno ya nyumbani. Mimi mzima, ila kidole cha shahada kimetobolewa na sindano mpaka kinafanana na chujio. Wewe je? Mama yako na kile kifua chake? Na mbuzi wenu wa pembe moja bado anakula kamba za watu? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Shangazi Imakulata ni mkali lakini mkono wake wa kushona ni wa baraka. Baba amesema nikae kwake mpaka mwakani, nikirudi Ipole niwe nimeshona nguo zangu za harusi mwenyewe. Jirani yetu ni Mzee Mabruki, mshona kofia, ambaye ujanani alifuata misafara mpaka Ujiji. Nilipomwambia kwetu ni Ipole, alifumba macho akasema, "Pale tulikuwa tunalala, mwanangu. Asali yenu ilikuwa inatupokea kabla ya watu."

Kwa habari ya asali, usisahau desturi ya nyumba yetu. Siku ya posa utaleta asali uliyorina kwa mkono wako mwenyewe. Baba ataonja, kisha mimi. Tukimeza wote wawili, mimi ni mkeo. Akitema mmoja, rudi na debe lako. Bibi yangu alimtema mtu hadharani kwa sababu asali ilikuwa imetiwa maji, na mimi nimerithi ulimi wake. Basi jihadhari, bwana mkubwa.

Mchumba wako,
Tekla


Kambini, msitu wa Ipole
11 Julai 1937

Dada mkubwa Tekla, shikamoo!

Umenitangulia kuzaliwa kwa miezi mitatu, heshima yako nakupa. Mama hajambo, kikohozi kimempa likizo. Mbuzi amekula kamba mbili na kofia ya baba yangu.

Nimetengeneza mzinga mpya wa gome, mzuri kuliko yote. Nimechonga alama yangu ya mistari miwili, na juu yake nikachonga sindano. Sindano ni wewe. Nimeutundika kwenye ule mninga wa kando ya njia ya misafara, pale ambapo nyasi bado zinakataa kuota katikati ya njia. Asali ya posa itatoka humo.

Sasa neno moja, usimwambie mama yangu. Siku ya kuutundika kamba ilikatika nikaanguka. Mbavu zangu ziliniuma hata kupumua ikawa kazi. Mzee Ngollo, mkubwa wa kambi yetu ya warina asali, akanipa buyu lake nivute. Bangi, Tekla. Najua serikali imekataza na mchungaji amekataza. Lakini maumivu yaliondoka kama mgeni aliyekumbuka kwake. Nikalala, na katika kulala nikasikia njuga. Wapagazi walikuwa wanapita njiani, wengi, hawasemi, wananukia chumvi. Wa mwisho akageuka akanitazama, alikuwa na uso wa babu yangu. Sikuogopa hata kidogo.

Mbavu zikipona nitaliacha buyu la Ngollo. Ni dawa ya mgonjwa kitandani tu.

Mchumba wako,
Silasi


Gongoni
1 Agosti 1937

Mchumba wangu,

Pole, pole sana. Nilisoma habari ya kamba nikahisi mbavu zangu mwenyewe. Mimi sijambo, shangazi hajambo, kidole kimeota sugu.

Njuga zako ni nzuri, nilimsomea Mzee Mabruki kipande hicho tu. Hakucheka. Aliniuliza, "Anavuta?" Nikasema mbavu zinamuuma. Akasema katika msafara wao walikuwa wakiwaacha njiani watu wa namna mbili, mgonjwa wa ndui na aliyependa buyu kuliko mzigo wake.

Sikugombezi, Silasi. Lakini wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja, na wewe ni mrina asali, unajua maana yake. Ukipona, liache.

Mchumba wako,
Tekla


Kambini
10 Oktoba 1937

Tekla wangu,

Salaam zako nilizipata na nimechelewa kuzijibu, nisamehe. Siku za huku hazina kingo. Mimi mzima, mbavu zilipona zamani.

Sikiliza nilichogundua. Unajua kienge, lile fungu la magome tunalowasha kuwafukizia nyuki? Mimi sasa natia majani ya Ngollo ndani ya kienge. Nyuki wanalegea! Wanatembea juu ya mkono wangu polepole kama kina mama watokao kanisani, hakuna hata mmoja anayeuma. Juzi nilirina bila shati. Nilikaa juu ya tawi na sega mapajani, jua likipita kwenye majani, nikaona msitu wote una rangi ya asali, na mbali kabisa nikakuona wewe unashona, na uzi wako ulikuwa unatoka kwangu.

Utaniuliza kama bado navuta. Kidogo. Nisipovuta mikono inahangaika na usingizi haunijii. Lakini si kama Ngollo.

Nakuletea chungu cha asali kwa lori la nta. Kula na shangazi.

Wako,
Silasi


Gongoni
24 Oktoba 1937

Silasi,

Tunaendelea vizuri, na asali imefika. Nilimpelekea Mzee Mabruki kijiko. Alionja, akaniambia, "Asali hii imevuta bangi, mwanangu." Nami nikaonja. Ni kweli. Utamu unatangulia, halafu nyuma yake unakuja ule moshi, unakaa kooni. Nilimwambia shangazi chungu kilivunjika njiani. Ni uongo wangu wa kwanza ndani ya nyumba hii, na nimeusema kwa ajili yako.

Naogopa. Nasema wazi ili usijifanye hukuelewa. Ukimletea baba asali kama hii ataitema, na mimi nitabaki na nguo nilizoshona. Ondoka kambini kwa Ngollo. Kuna kazi ya kuyeyusha nta hapa mjini, mume wa shangazi amekuombea nafasi. Njoo na lori la Jumamosi ya tarehe sita. Nitakuwa nakusubiri pale linaposhusha mizigo. Huku tutasaidiana, na mikono ikihangaika nitaishika.

Mchumba wako,
Tekla


Gongoni
5 Desemba 1937

Silasi,

Nilisubiri Jumamosi ile. Nikasubiri na iliyofuata, na ya tatu. Dereva sasa ananijua, akishuka ananitikisia kichwa kabla sijauliza.

Tekla


Kambini
16 Januari 1938

Tekla wangu mpenzi,

Furaha niliyonayo tangu nilipotoka kwako haisemeki! Mzima mimi, mzima kabisa, na najua nawe u mzima kwa kuwa nimekuona kwa macho yangu.

Sikupanda lori, nilikuja kwa miguu kwa njia ya misafara, ndiyo maana hukuniona kwa dereva. Njia ilikuwa nyepesi, kama kwamba kuna watu mbele yangu wamenikanyagia umande. Ulikuwa umekaa uani kwa shangazi, umejitanda ile kanga yako ya buluu. Hukuniuliza kitu. Ulinipa togwa kwenye kata, ukaona shati langu halina kifungo, ukanishonea papo hapo nikiwa nimelivaa, na kichwa chako kilikuwa karibu na kidevu changu. Ukauma uzi kwa meno. Ukasema, "Nimekusamehe, nenda ukalete asali." Nikaondoka nikilia kwa raha.

Kifungo chenyewe nimekitafuta leo sikukiona. Lazima kimeanguka njiani. Usikasirike, utanishonea kingine.

Mume wako mtarajiwa,
Silasi


Gongoni
6 Februari 1938

Silasi,

Hukuja.

Nilisoma barua yako mara tatu, kisha nikamuuliza shangazi kama niliwahi kuugua homa nikasahau siku. Hukuja, mpenzi wangu. Sina kanga ya buluu. Sijawahi kuwa nayo.

Nitakuambia jambo la aibu. Nililia, na sikulia kwa huruma tu, nililia kwa wivu. Yule Tekla wako amekuona, amekushonea kifungo, na mimi niliyekaa hapa na sindano ya kweli sijakuona miezi minane.

Baba ameweka siku ya posa, Jumamosi ya pili ya Julai. Nitarudi Ipole. Bado kuna wakati. Achana na buyu, urine ule mzinga wetu wa mninga, kwa kienge cha magome matupu. Sitaki kingine.

Bado mchumba wako,
Tekla


Gongoni
17 Julai 1938

Silasi,

Najua hukulala vizuri, kwa hiyo sikuulizi hali. Yangu nitakuambia mwishoni, nikiweza.

Tangu Februari hukuniandikia, ukaja siku ya posa umeoga, umevaa shati jeupe, umebeba debe begani. Moyo wangu uliruka. Mikono yako ilitetemeka ulipofungua kifuniko, nikajiambia ni haya. Baba akaonja, akameza, akasema hajapata kuonja asali safi kama ile. Wanawake walikuwa wameshafungua vinywa kwa vigelegele. Nikaonja mimi, nikatema.

Wote wanasema mji umenitia maringo. Baba hakusema nami mpaka nilipoondoka kurudi huku kwa shangazi. Mama yako alipita mbele yangu kama nimekuwa mti. Sikujitetea, na kwao sitajitetea. Wewe peke yako nakuambia.

Siku moja kabla nilikwenda kwenye mninga. Mzinga wetu uko chini, nyegere ameupasua, siafu wanapita juu ya sindano yako. Na mizinga yako mingine niliiona, mikavu, hakuna mtu aliyepanda miti ile tangu mvua. Asali uliyoleta ni safi kwa sababu si yako. Nani alikurinia? Usijibu.

Ingekuwa na moshi, Silasi, ningeimeza. Baba angetema, nami ningeimeza mbele ya watu wote, kwa kuwa ningejua ni mkono wako na tungeanzia hapo. Nilikuwa tayari kwa moshi. Sikuwa tayari kwa debe la mtu mwingine.

Hali yangu si nzuri.

Dada yako,
Tekla


Kambini
15 Oktoba 1939

Dada Tekla, shikamoo.

Sijui kama bado unaishi Gongoni. Mimi nipo. Mama alifariki Machi, labda ulisikia. Ngollo yupo. Mwaka huu nimepanda mti mmoja tu kurina.

Nakusumbua kwa jambo dogo. Siku zilizopita, sikumbuki ngapi, ulikuja hapa kambini. Ulikaa kwenye gogo langu. Nilikupa asali ya ule mti mmoja, juu ya jani, nawe ukaimeza yote ukaramba na jani. Ulisema neno la harusi, nikafurahi, nikajua ni yetu. Wapagazi walikuwa wanapita nyuma yako, na wewe hukugeuka.

Ngollo anasema hakuja mtu. Zamani nisingemuuliza. Lakini barua yako ya kanga ya buluu ninayo bado, naisoma, na sasa siamini macho yangu hata yakiniletea kitu kizuri. Niandikie neno moja tu, ulikuja au hukuja.

Ndugu yako,
Silasi


Gongoni
29 Oktoba 1939

Ndugu yangu Silasi,

Marahaba. Pole sana kwa mama, nilimlilia. Mimi mzima.

Nilikuja. Safari hii hukuota. Ngollo hakuniona kwa sababu alikuwa amekwenda mbali kuteka maji, kiangazi hiki, nami niliondoka kabla hajarudi. Nilikuja kwa miguu yangu, kwa njia ya misafara, nikakaa kwenye gogo lako tangu asubuhi mpaka jua likawa juu. Mara nne uliniuliza nimefika lini. Mara nne nilikujibu.

Harusi niliyokuambia ni yangu na Bernardo, fundi seremala, wiki tatu zijazo. Sikutaka uisikie kwa watu, ndiyo maana nilikuja. Ulinishika mikono ukashukuru, nami sikuwa na nguvu ya kusema mara ya pili. Leo ninasema.

Ukiona shaka tena, nenda kwenye mninga. Nimefunga kipande cha kanga yangu kwenye shina, usawa wa macho yako. Ni nyekundu. Kiguse kwa mkono, usikitazame tu. Na shati ulilokuwa umevaa halikuwa na kifungo cha pili, nikakishona ukiwa umelivaa. Kitafute, kipo.

Asali yako ilikuwa na moshi, na niliimeza.

Dada yako,
Tekla