Mstari wa Kijani hadi Dirisha la Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu ameomba kuwa mkuu wa ofisi ya usajili pale chuo kikuu. Miaka sita yuko dirisha la nne, anapokea fomu. Tulihamia nchi hii na mabegi mawili na shahada yake ya uchoraji. Watu walinicheka — rangi zitawalisha? Zimetulisha. Leo bosi wake kamwambia cheo hicho si cha mchoraji, tena mgeni. Karudi amenuna. Nimemwambia kununa hakumpi mtu cheo.

Jumatano, 5 Machi
Kila mwaka wanafunzi wapya wanapotea mle. Vibao vimejaa maneno, foleni hadi getini. Mjukuu anataka kupaka mistari sakafuni: kijani usajili, bluu ada, njano mabweni. Bosi anasema hii si chekechea. Lakini amemruhusu ajaribu. Ili aaibike, namjua.

Jumapili, 9 Machi
Karudi na rangi hadi kwenye nyusi. Anataka kesho niende naye chuoni. Kufanya nini?
— Kupotea, bibi.
Mimi nipotee? Nimehama nchi nzima!

Jumatatu, 10 Machi
Kanisimamisha getini mbele ya bosi na wenzake. Eti bibi huyu kaishia darasa la pili, hajawahi kukanyaga hapa. Kunitangazia darasa langu! Nimemsema baadaye. Nikafuata kijani. Ngazi, ukumbi, kona mbili. Mlinzi akataka kunielekeza, nikamwambia aniache. Dirisha la nne, nikagonga kioo. Bosi nyuma yangu, anahema. Eti mama umebahatisha. Nikamwambia anichagulie rangi nyingine. Njano. Nilifika mabwenini nikaulizwa nataka kitanda cha juu au cha chini.

Jumatatu, 17 Machi
Wanafunzi wapya wameingia. Foleni imekwisha saa sita mchana. Mwaka jana ilifika jioni.

Ijumaa, 21 Machi
Usaili leo. Shati nimempigisha pasi mara mbili, ya kwanza ilikuwa ya kivivu. Yumo ndani, chumba cha nyuma ya dirisha la nne. Mimi niko benchi la nje, naandika. Wanamsubiri mwenyekiti wa usaili, mama fulani wa chuo kingine, mgeni hapa. Bosi kasimama kwenye dirisha la ukumbini linalotazama uani, mgongo kwangu, simu sikioni, anamwelekeza: pita kushoto, muulize mlinzi, usipande ngazi za kwanza.

Mama mmoja ametokea konani. Simu yake ameshaitia mkobani. Macho sakafuni, anafuata kijani. Hamuulizi mtu.

Bosi bado anaelekeza —