Kamba ya Ngamia

Garissa, Jumatano, 1993

Leo jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na watu, na mimi nimempiga mtu nikamvunja meno mawili.

Naandika nikiwa nimefungwa. Mguu wangu wa kulia umefungwa kwa kamba ya ngamia kwenye nguzo ya banda la kaka yangu Hassan. Mikono wameniachia ili nile. Naandika kwa Kiswahili changu cha shule kwa sababu humu nyumbani hakuna mwingine anayekisoma.

Jina langu ni Abdinoor. Nalitaja hapa kwa kuwa sokoni halitajwi tena. Kwetu kila mtu ana jina la utani, na hatuoneani haya: anayechechemea huitwa Langaare, yaani kiguru, na wanawe huitwa wana wa Langaare, naye anaitika bila kununa. Mimi, tangu daktari wa Nairobi aseme nina skizofrenia, naitwa Waalan. Kichaa. Nami nilikuwa naitika.

Leo sikuitika.

Kazi yangu ni udalali wa ngamia. Bei hatuitamki mbele za watu. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shali, na vidole ndivyo vinavyosema: unashika kidole kizima kutaja kiasi kizima, au unabana nusu yake kutaja nusu, basi. Anayesimama kando haambulii kitu. Lakini vidonge vinavyonyamazisha sauti kichwani mwangu vimeniletea mtetemeko mikononi. Nikivimeza, vidole vyangu vinasema mambo ambayo mimi sijasema.

Dahir, mnunuzi kutoka Liboi, alihisi bei moja chini ya shali. Mimi nilikuwa nimetoa nyingine. Tulipoachana mikono nikazikataa fedha alizohesabu, akadhani nimemgeuka. Nikamweleza kwamba ni dawa, mkono hautulii. Akaifunua shali ili soko zima lione vidole vyangu vinavyocheza.

"Waalan anauza ngamia," akasema, "na jini wake naye anaongeza bei."

Watu wakacheka. Nikamchapa mdomoni kwa fimbo yangu ya kuswagia. Alipoanguka nikampiga tena, mabegani, mgongoni, na hapa sina wa kumdanganya: nilifurahi. Damu ilipotoka nilifurahi. Hakuna sauti iliyoniamrisha. Kichwa kilikuwa kimya kabisa. Nilikuwa na hasira tu, hasira ileile iliyomfanya muuza chai amchome jirani yake kisu wiki jana, na hakuna aliyemuuliza habari za kichwa chake.

Wanaume walinikalia, mmoja shingoni, nikala mchanga. Walinipiga mateke mpaka jicho la kushoto likafumba. Kisha mtu akaleta kamba.

Naijua kamba hii. Mwaka juzi, kabla ya daktari, nilifungwa nayo Hadado, malishoni kwa baba yangu mdogo, miezi mingi, nikisomewa Kurani na kuchapwa ili jini atoke. Nilijisaidia palepale nilipolala. Makovu ya kifundoni bado hayajapata rangi ya ngozi yangu.

Alasiri wazee wa koo zote mbili walikaa. Kwao jambo ni jepesi. Ikiwa sikuwa na akili, hakuna kisasi wala fidia. Lakini kichaa anayepiga watu hufungwa, na Hassan atanirudisha Hadado. Ikiwa nilikuwa na akili, ukoo wangu utalipa ngamia, kuanzia ngamia wa Hassan. Nami nitabaki mtu. Mtu mkorofi, lakini mtu.

Hassan alikuwa ameshawaambia kwamba nilikuwa mgonjwa. Alisema huku akitazama chini. Sidhani alifanya hivyo kwa ajili ya ngamia tu. Tangu vita vya Somalia vivuke mpaka, ndugu za Dahir hawakosi bunduki, na kaka yangu anaogopa kunizika.

Mzee Langaare, aliyeongoza kikao, akataka kunisikia mwenyewe.

"Akili yangu ilikuwepo, adeer," nikamwambia kwa heshima, kama mtu anavyomwambia baba yake mdogo. "Nilimpiga mimi, Abdinoor."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko mateke.

"Umemsikia, Hassan? Mwenye akili anafunguliwa mlango atoke, halafu anakataa? Maskini, bado anaumwa."

Nilitaka kumrukia kooni. Wallahi nilitaka. Lakini ngumi moja tu, na wangekuwa wamepata walichokitafuta. Nikakaa nikitetemeka, na hata kutetemeka kule wakakuona ni ugonjwa. Wakaahirisha mpaka kesho, ati nitulie kwanza.

Baada ya Magharibi Hassan ameniletea maziwa na vidonge. Hakukaa. Mlangoni akageuka.

"Walaal, ndugu yangu, sema tu ulikuwa mgonjwa. Nitakufunga kwa kamba laini."

Akatoka akifuta macho. Nampenda, na wakati ule ningeweza kumuua.

Nimevitazama vidonge hivi muda mrefu. Nikivitupa, huenda kesho mkono utulie na wazee waone mtu mzima. Huenda pia sauti irudi. Na mimi nikiwaambia akili yangu ipo, nataka iwepo kweli.

Nimevimeza. Kesho nitatetemeka mbele yao wote. Wakiniita Waalan, sitaitika.