Mama Mkwe Anamshukuru Mzungu kwa Kope Niliyoishona Mimi

Mpendwa mshauri Bi Zuena, naomba msaada na tafadhali usinitaje jina, kwa sababu Nyeri ni ndogo na mimi ni daktari wa macho hapa mjini, tena si wa kupima miwani, mimi natengeneza kope zilizoungua, zilizochanika na zilizoliwa na saratani, kazi niliyoisomea mwaka mzima India kwa ufadhili wa shirika linalofundisha madaktari wa nchi zisizo na wataalamu hao, na sharti lilikuwa moja tu, nirudi nyumbani nitibu na nifundishe wengine, nami nikarudi, na kila Agosti profesa mmoja mzungu wa shirika hilo huja kutusimamia wiki mbili, ingawa siku hizi husema hana la kunifundisha, anafuata chai yetu tu.

Sasa mwaka jana mama mkwe wangu wa Giakanja akaota uvimbe kwenye kope ya chini, nikaupima, ikawa saratani, nikamwambia Mama, tuutoe wiki hii kabla haujaingia ndani, naye akaniangalia kama nimemtukana. "Ati wewe ndio unikate macho? Wewe ulikuja hapa hata kusonga ugali hujui. Mimi nangojea ule mzungu." Mume wangu Wambugu akanywa chai yake, basi tukangoja miezi mitatu, uvimbe ukikua mbele yangu kila Jumapili tukienda kula.

Agosti ikafika, profesa akautazama akasema hii ni kazi yako, mimi nitasimama kando, lakini je, amekubali umpasue wewe? Nikajibu ndiyo, na ulikuwa uongo, kisha nikampa mama fomu yenye jina langu bila kumsomea, akatia sahihi huku akimtabasamia profesa, dawa ya usingizi ikamchukua, nikaukata uvimbe, nikaazima utando kutoka kope ya juu kujaza pengo, nikalishona jicho likae limefungwa wiki kadhaa kama inavyotakiwa, na profesa hakugusa hata uzi. Siku ya kulifungua ilipofika mzungu alikuwa amesharudi kwao, ikabidi nilifungue mimi, naye mama akaniambia, "Fungua tu porepore, usiharibu kazi ya mwenyewe."

Kope ilipona hadi wageni hawajui lilikuwa jicho gani, na sasa mama anatoa ushuhuda kanisani, "Muache kukatwakatwa na hawa watoto, mungojee mzungu," na jirani yake Waithira, aliyeungua uso kwa uji, ambaye kovu limeivuta kope hata jicho halifungi akilala, nilikuwa nimempangia upasuaji mwezi huu wa Februari, akapiga simu kuahirisha mpaka Agosti, na kioo cha jicho lake kimeanza kuwa cheupe. Juu ya hayo, Daktari Ngatia ninayemfundisha, ambaye ndiye alinisaidia siku ya mama, wiki iliyopita nimemsikia akimwambia mgonjwa mwoga kutoka Mwea kwamba mzungu yuko ndani anamngoja, nikamvuta kando nikamkaripia, naye akashangaa kweli kweli. "Daktari, kwani si hivyo ndivyo huwa tunafanya?"

Bi Zuena, je, nimwambie mama ukweli nivunje nyumba yangu, au ninyamaze kwa kuwa amepona? Na niseme yote, inaniuma pia kwamba anamshukuru mtu mwingine.

Mkwe wa Giakanja

*

Daktari, barua hii nilikujibu kwa simu siku ile ile, kwa sababu jicho la Waithira halisubiri gazeti. Nayarudia maneno yangu hapa kwa ruhusa yako, wengine wasikie.

Kwanza pole. Mtu asome miaka yote hiyo, arudi nyumbani wenzake wakitafuta viza ya kuondoka, halafu akumbukwe kwa ugali. Inauma. Pole yangu inaishia hapo.

Umeniandikia kana kwamba umeibiwa sifa. Nani aliiba? Ulimpa profesa sifa hiyo kwa mikono yako, tena kwa kumdanganya na yeye. Jicho ni la mama. Hata akikataa kwa sababu ya kipuuzi, kukataa ni kwake. Na shirika lilikutuma ufundishe, nawe umefundisha sawasawa: Ngatia amejua kushona na amejua kudanganya, na masomo yote mawili amefaulu.

Kwa hiyo nilikwambia: mpigie Waithira kabla hujanywa chai. Mama amepona, anaweza kukukasirikia taratibu. Ukaniuliza kama hakuna njia ya kuzunguka. Nikakujibu kwamba kuzunguka ndiko kulikokufikisha hapa.

Ulimpigia. Waithira akasema, "Mama Wambugu alisimama mbele ya kanisa. Yeye hawezi danganya." Basi ikabidi uende Giakanja siku hiyo hiyo, na nashukuru Wambugu alikwenda nawe, na kwamba safari hii aliweka kikombe chini. Ulimweleza mama yote, hata fomu. Akaigusa kope yake. Hakuuliza habari za mzungu. Alisema, "Kwa hivyo miezi hii yote nimekuwa nikidanganya kanisa. Toka."

Ukatoka. Ulifanya vyema kutoka bila kujitetea. Profesa naye ulimwandikia, akakujibu kwa ukali, na ana haki.

Jumapili mama akasimama tena palepale. Umeniambia alisema hivi, nami sina la kuongeza: "Hii kope ilishonwa na bibi ya mtoto wangu. Alinidanganya, na mimi nikawadanganya nyinyi. Lakini anajua kushona."

Jumatatu Waithira alikuwa kliniki. Ukamwagiza Ngatia amsomee fomu kwa Kikuyu, mstari kwa mstari, mpaka kwenye majina. Waithira akauliza, "Na mzungu?" Ngatia akajibu, "Hayuko. Atakushona huyu daktari, na mimi nitamsaidia." Waithira akautazama mlango, ukadhani ataondoka. Kisha akaomba kalamu.

Sasa jicho lake linafunga. Lile doa jeupe halitaondoka lote, wewe mwenyewe umesema, na sehemu ya doa hilo ni yako na ya ushuhuda ule. Usiniombe nikufutie hiyo. Kila mgonjwa asomewe fomu kwa lugha anayoielewa, na Ngatia amtafute yule mgonjwa wa Mwea, aliyeshonwa siku ile akiamini ni mzungu, amwambie nani alimshona.

Unalalamika kwamba ni wiki ya tano na mama hakusemeshi. Mwache. Usimtume Wambugu, usimtume mchungaji, na usinitume mimi. Jumamosi nenda Giakanja, mchume chai pamoja kama atakuruhusu shambani. Mpelekee matone yake ya kulainisha jicho. Akiinua uso, mtie. Asipoinua, acha chupa mezani, urudi kazini.