Ukili Nilioutolea Maneno Mbele za Watu

Jumamosi, Mtawanya, Kibiti. Mvua imeanza na adhana ya Alfajiri, imekatika sasa hivi tu. Ukindu wote wa kusukia ndani umelegea kama mboga ya jana. Na mimi nimelegea vilevile.

Leo nina aibu.

Naandika kwa kidole kimoja. Mjukuu wangu Nasra ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, akasema, bibi, wewe una maneno mengi, yaandike huku utupumzishe masikio. Niliishia darasa la nne lakini kuandika najua, kwa hiyo msinisahihishe.

Mnaonisoma mnanijua. Sipendi chai iliyopoa. Nikikuta sufuria imefunikwa kwa kifuniko kisicho chake, siku yangu imeharibika. Mke wa mwanangu, Mama Nasra, kaishi na mimi mwaka wa ishirini huu, na sidhani ipo siku nimekosa la kumwambia. Hajibu. “Sawa, mama.” Basi. Nilidhani hajibu kwa sababu hana la kujibu.

Sasa Nasra anaolewa. Katika ukoo wetu bibi harusi hatoki bila mkeka uliosukwa na wanawake wa kwao. Kila mmoja anasuka ukili wake, ule mkanda mrefu mwembamba wa ukindu, halafu siku moja tunakaa pamoja tunaziunga kwa sindano mpaka mkeka unatoka. Wa Nasra nimeusimamia mimi, maana kwa kusuka hayupo mtaani hapa wa kunifundisha. Nilifunzwa na mama yangu kule Mkongo, meno ya utoto hayajang'oka. Kili za wengine nazikagua moja moja. Zangu sijawahi kuzikagua. Za nini?

Leo wakaja wanawake sita. Tukakaa nao barazani, mimi na Mama Nasra, kukwepa mvua, kili zote zimerundikwa katikati. Mimi nachukua mmoja, nausogeza kwenye mwanga, napitisha vidole, nasema huu sawa, huu sawa. Nikafika kwenye mmoja wenye mashimo. Umepinda. Nyekundu imeingia mahali pa zambarau.

Nikasimama nao.

“Huu kausuka nani? Alikuwa anasuka au anakuna nazi? Mjukuu wangu akalalie wavu wa kuvulia perege?”

Wakacheka. Nilipoona wanacheka nikaongeza, kwamba mwenye ukili huu hata nyumba yake itakuwa hivyohivyo, pindapinda. Kati ya wageni ni mmoja tu hakucheka, jirani ninayemwita Somo kwa kuwa jina letu ni moja. Alikuwa anatazama sakafu.

Mama Nasra akanyanyua mkono. “Ni wangu, mama. Nisamehe.”

Nikamwosha kwa maneno. Siwezi kuandika yote niliyosema. Hili naliandika ili linichome: nilimtaja hata mama yake, kwamba alimzaa akasahau kumfunza kazi. Mama yake marehemu. Mama Nasra aliinamisha kichwa, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Wakati mdomo unasema, vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe mpaka kwenye mwanzo wa ule ukili. Kila msukaji ana mwanzo wake. Mimi nakunja ukindu mara mbili, kisha napiga fundo dogo kwa ndani. Ndivyo alivyonionyesha mama, na huku Kibiti sijaona mwingine anayeanza hivyo.

Fundo lilikuwepo.

Nikanyamaza. Wakadhani nimechoka kusema, wakashukuru. Nikauficha ukili chini ya paja, nikasema haya, shoneni, mvua hiyo inazidi. Mtu mzima mimi, na mvi zangu, nimekalia kosa langu kama kuku kakalia mayai.

Walipoondoka Nasra akanifuata chumbani.

“Mke mwenza,” akasema, ndivyo tunavyoitana mimi na yeye, “leo umemsema mama kwa kazi yako. Unafikiri kili zako zinanyooka zenyewe? Ukienda shamba bondeni mama anakufumulia, anasuka upya, anarudisha palepale ulipoacha. Tangu mwaka juzi. Huu wa harusi hakuuwahi tu.”

Nikamwambia atoke. Akatoka. Hakubamiza mlango, ingekuwa afadhali angebamiza.

Miwani ninayo, msiniulize. Nilipimwa macho Utete, nikapewa, nikaivaa kutoka kule mpaka mlangoni kwangu. Somo akasema nimekuwa kama karani. Nikaitia sandukuni siku ileile, nikaendelea kusuka chumbani kwa taa ndogo na kiburi changu.

Leo nimeitoa, nimeivaa, nimeutazama ukili wangu. Nilikosea kuuita wavu. Wavu una mpango.

Nikaenda jikoni kuomba radhi. Mama Nasra alikuwa anachuja nazi. Nikafungua mdomo, likatoka: “Moto huo mkubwa.” Akasema, “Sawa, mama,” akavuta kuni moja nje. Nikarudi chumbani. Nikajipanga, nikaenda tena. Safari hii akaiona miwani, akatabasamu, akasema, “Umependeza, mama.”

Nikakimbia. Wallahi nilikimbia, kanga mkononi.

Ukili nimeufumua wote kwa mkono wangu, nimebakiza ule mwanzo tu. Nitausuka upya nikiwa na miwani usoni, na Somo akitaka aniite karani, aniite hakimu. Lakini hiyo ni kazi ya mikono, nayo mikono yangu haijawahi kunishinda. Maneno niliyatoa mbele ya wanawake sita, radhi nikiiombea jikoni kwenye moshi itakuwa ya wizi. Hata sisi wa darasa la nne tunalijua hilo. Jumatatu wanarudi kumalizia kushona, walewale sita. Nitasimama palepale niliposimama leo, nitaunyanyua ukili, nitauliza tena kausuka nani.

Jibu ni neno moja. Mama Nasra alilisema bila kutetemeka, na halikuwa lake.

Nimelijaribu hapa barazani, peke yangu, kwa sauti. Wangu. Aliyegeuka kunitazama ni kuku tu, na hata mbele ya kuku nimeona haya.