Bati la Kwanza la Nehemiah Wanzala

Ni mwaka mmoja Jumapili hii, Baba Cindy, tangu nilipokutoa kanisani ukachukue miwani yako karakanani. Ilikuwa zamu yako ya kusoma somo. Nilikuambia, "Nenda haraka, utasomaje bila macho?" Ningefunga mdomo siku hiyo ungekuwa hai. Nalisema hapa gazetini kwa sababu nyumbani hawataki niliseme.

Ulianza kuunda mashine za kukunja mabati pale Shirere mwaka wa 1994, nikiwa na mimba ya Cindy. Ya kwanza uliitengeneza kwa vyuma vya trela la miwa lililopinduka, ukaitia mkono wa bomba nene la maji. Nilikushikia vyuma ukichomelea, cheche zikanitoboa leso. Baada ya hiyo zilifuata nyingine arobaini na sita. Leo masanduku ya shule yanayouzwa Navakholo siku ya soko hukunjwa na mashine zako.

Kila mashine mpya uliikunjia bati la kwanza wewe mwenyewe, na bati hilo hukuliuza. Uliligongelea kwenye paa la karakana. Rafiki zako walicheka kwamba paa lina viraka kama suruali ya mlevi. Wateja walikujua kwa upole, lakini fundi akikunja bati bila kupima, uliirusha nyundo ukutani, kisha ukamnunulia chai.

Jumapili ile wezi wa vyuma chakavu waling'oa lile bati la mashine ya kwanza, wakashukia hapo, wakaanza kuilegeza bolti mashine yenyewe. Uliwakuta watatu. Majirani walikusikia ukipaza sauti, "Hii hamtoi! Mnitoe mimi kwanza!" Uliikumbatia. Wakachomoa lile bomba, wakakupiga nalo kichwani, mbavuni, kichwani tena. Ulimng'ata mmoja kidole hadi mfupa, na kwa kidole hicho alikamatwa. Wawili bado wanatafutwa. Na waombe polisi wawafikie kabla yangu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, ndugu yako Wandera alikuja na nyundo kubwa. "Mti ikinyonga mtu, tunaikatanga," akasema. "Hii chuma imemwaga damu ya ndugu yangu. Leo lazima pia ikufe."

Watu wa ukoo waliitikia. Alipiga mara moja, karakana nzima ikalia. Cindy akajilaza juu ya mashine, vile vile ulivyofanya wewe.

"Baba mdogo, basi anza na kichwa yangu!"

Nyundo ilikuwa tayari hewani. Nilipiga mayowe ambayo sijui yalitoka wapi, nikaliokota lile bomba, ambalo polisi walilipiga picha wakaliacha, nikamtupia miguuni.

"Shemeji, iliyoua ni hii mkono! Piga hii!"

Alilipiga. Wakapokezana kaka zako na dada zako, Cindy naye, mimi pia, tukilia na kutukana mpaka bomba likawa bapa kama chapati. Tulilitupa chooni. Wandera aliketi sakafuni, akakuita kwa jina lako la utotoni.

Tangu hapo mashine haikuwa na mkono, na tundu la paa halikuzibwa. Ni mimi niliyekataa. Niliona kulifunga ni kukufungia nje. Mwaka mzima mvua imenyesha pale ulipoangukia.

Wiki jana Wandera alileta mkono mpya, ameuchomelea mwenyewe. Tumekubaliana kwamba sasa ile ni mashine mpya, kwa hiyo lazima itoe bati la kwanza. Nilidhani Cindy ndiye atakayelikunja. Akakataa. "Mama, ni wewe utakunja."

Basi Jumamosi saa nne asubuhi tutakutana karakanani kwa maombi, na majirani wote wanakaribishwa. Nitavaa miwani yako. Nitalipima vizuri, usije ukanirushia nyundo. Kisha nitapanda ngazi mwenyewe niligongelee. Imetosha, mvua imekuosha vya kutosha.

Unakumbukwa na mkeo Jael, binti yako Cindy, ndugu yako Wandera, dada yako Mildred, na mafundi wote uliowafokea na kuwalisha.

Nisamehe ile miwani, Baba Cindy. Daima tutakukumbuka, na kila mvua ikinyesha nitaenda kutazama kama panavuja.