Nani Hapa Yuko Huru?

Jenerali wangu!

Shikamoo dada. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza najua umeipokea umesimama, mkono mmoja barua, mkono mwingine dripu ya mgonjwa. Hebu kaa kwanza. Goti linaendeleaje? Zile zamu za mfululizo wamekupunguzia, au bado wanakuona mashine? Huku sisi tu wazima. Mama hajambo, presha imetulia, ila siku hizi anagombana na redio. Mtangazaji akikosea kitu anamjibu, tena ananyamaza kusubiri majibu. Binti yako Kibiriti hajambo mno. Viatu ulivyomletea mwezi wa tatu havimwingii tena. Na tenisi ya meza ndiyo usiseme: ukuta wa chumba chetu una alama za kipira utadhani umeugua surua.

Nimekuandikia, sikukupigia, kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Nikifika sentensi ya pili utasema ngoja kwanza, utatoa amri, na mimi nitasahau nusu ya habari. Humu huwezi. Humu mimi ndiye mwenye zamu.

Dada, mdogo wako ni kiongozi! Usicheke. Mimi niliyeacha chuo, niliyejifunza kutengeneza printa kwa kuzivunja, sasa ni mjumbe wa kamati ya Chama cha Tenisi ya Meza cha Vijana. Tena mjumbe huru. Ndiyo, najua unachowaza, kwamba mwanao anacheza humo humo. Ngoja nifike.

Ilikuwa hivi. Miezi minne iliyopita waliniita ofisini kwao, kile chumba cha juu ya duka la vioo, printa yao inakula karatasi. Nikaingia chini ya meza na bisibisi yangu, wao juu wanaendelea na kikao. Kumbe siku ileile walikuwa wameletewa barua kutoka chama cha taifa: kila kamati iwe na mjumbe huru, jina lifike kabla ofisi hazijafungwa, la sivyo watoto wao hawatapelekwa kwenye mashindano. Mwenyekiti aliisoma mbiombio, akainua kichwa akauliza nani hapa yuko huru.

Mimi nilidhani wanatafuta mtu asiye na kazi akawafungulie dirisha, maana joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Nikapaza sauti kutoka chini ya meza, nikasema mimi niko huru, mwenyekiti, namalizia skrubu moja tu. Wakapiga makofi! Nilipotoka, uso mzima wino, katibu alikuwa ameshaniandika kwenye muhtasari. Cha kuchekesha zaidi, mwenyekiti mwenyewe alielewa hivyohivyo, kwamba mjumbe huru ni yule mwenye nafasi. Basi kila kikao ilikuwa huru nenda kapige kopi, huru hebu angalia waya, huru kaulize kama chai imeiva. Na mimi nilikwenda. Nilikuwa napenda kukaa mle ndani tu, nione mambo yanavyopikwa.

Halafu wakaniagiza nichape katiba yao, kurasa arobaini. Printa ikakwama ukurasa wa kumi na tisa, nikauchomoa kwa vidole, na kwa kuwa ulikuwa umechanika ikabidi niusome ili niujue. Weee! Ibara nzima ya mjumbe huru. Eti ni mtu asiyefungamana na klabu yoyote, asiyepokea maagizo ya mtu, mwenye kura sawa na wengine, na akiuliza sababu ya uamuzi wowote lazima ajibiwe kwa maandishi. Dada, nilisimama pale na ule ukurasa mkononi nikahisi kama nimeokota ufunguo wa nyumba niliyokuwa nafagia.

Sasa sikia walivyokuwa wanateua timu. Watoto wanacheza wiki mbili, jasho linawatoka, pointi zinaandikwa. Mwisho mwenyekiti na makamu wake wanaingia chumba cha pembeni, wanafunga mlango, wanatoka na majina manane. Pointi hazionekani. Ukiuliza, unaambiwa wameangalia kwa jicho la kiufundi. Na hilo jicho lina mapenzi yake, maana mwenyekiti ana klabu yake, ile yenye meza mpya za bluu, na kila mwaka watano kati ya wanane wanatoka kwake. Mwaka jana kuna binti wa fundi wa kuchomelea vyuma alishinda michezo kumi na mmoja kati ya kumi na miwili, akaachwa. Baba yake alipanda zile ngazi na miwani yake ya kazi bado iko kwenye paji la uso, akauliza kwa upole kabisa kwa nini. Akaambiwa ni siri ya kamati. Akashuka. Katibu ndiye alinisimulia, akasema tangu siku ile akisikia mtu anapanda zile ngazi anajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Basi Jumamosi iliyopita nikaingia kikaoni na karatasi yangu. Mdomo wangu unaujua, ukishawashwa hauna breki. Nikasema nina mapendekezo matatu. Pointi zote zibandikwe ubaoni, timu ifuate pointi. Mwenye klabu asikae kwenye uteuzi. Na kila mjumbe ajaze fomu ya kueleza anafungamana na nani, fomu nazo zibandikwe palepale, kila mzazi asome.

Makamu aliuliza kama mimi ndiye yule wa printa. Nikamjibu ndiye, na kwamba hata printa ikikwama huwa haikwamuki hadi uifungue uone imekwama wapi. Katibu akacheka mpaka akatoa leso. Mwenyekiti hakucheka. Alivua miwani, akaifuta taratibu, akasema walinipa nafasi kwa sababu niko huru, sasa naona nimezidisha. Akaongeza kwamba yeye amebeba chama hiki miaka kumi na mmoja, amewapeleka watoto mashindanoni kwa gari lake mwenyewe, na leo mtu wa juzi anamwita mwizi. Nikamwambia sijamwita hivyo, mzee wangu, nimesema tu mlango ubaki wazi. Na kweli, dada, nilimwonea huruma kidogo. Hayo ya gari ni kweli kabisa.

Tukapiga kura. Tuko watano. Katibu na mimi mikono juu. Mwenyekiti na makamu wamekunja mikono. Akabaki Kocha Filimbi, yule mrefu anayefundisha kwenye klabu ya mwenyekiti mwenyewe, anakula mkate wake hapo. Kila mtu akajua mambo yamekwisha. Yule bwana akatazama filimbi yake kifuani kama ndiyo itakayomjibu. Halafu akasema amechoka. Kila siku anawafundisha watoto wakishindwa wapeane mikono na aliyewashinda, lakini wanaoachwa wakimuuliza nani kawashinda, hana jina la kuwapa. Akainua mkono. Tatu kwa mbili! Nilipiga yowe, nikajiziba mdomo, nikapiga lingine. Muuza vioo wa chini alipanda kuuliza nani amekufa.

Na sasa subiri, hii hukuitarajia hata wewe. Fomu zilipogawiwa, wa kwanza kujaza alikuwa mwenyekiti. Akaomba karatasi ya nyongeza! Akaandika klabu yake, shemeji yake anayewauzia raketi, mjukuu wake anayecheza, yote. Akanisogezea, akaniambia haya, huru, mimi nimeshavua shati, zamu yako.

Tangu siku hiyo hapa ni shangwe. Jumapili tulijumlisha pointi mimi na katibu na kocha, watu watatu, kalamu tatu, tukarudia mara mbili. Yule binti wa fundi wa vyuma ni wa kwanza! Na Kibiriti wako, Jenerali, Kibiriti wako ni wa nane. Timu ina nane. Ameingia! Hesabu yake niliwaachia katibu na kocha, mimi sikuigusa, nakuapia. Wazazi wanapita kuuliza lini tunabandika. Ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, mlangoni pa ukumbi.

Sasa imefika ile niliyokwambia ngoja nifike.

Swali la tatu la ile fomu linasema: je, una ndugu anayecheza chini ya chama hiki? Nililitunga mimi mwenyewe, dada, kwa maneno yangu. Na mwenyekiti aliponisogezea karatasi, watu wote wananitazama kama shujaa, nikaandika hakuna.

Hakuna. Mwandiko mzuri kabisa.

Hawajui kule. Kibiriti ameandikishwa kwa jina la upande wa baba yake, na mimi pale naitwa Fundi tu. Na si kwamba ilitokea tu. Tangu niisome ile katiba nilimwambia mtoto tukiwa ukumbini asiniite mamdogo, aniite Fundi kama wengine. Nilimwambia ni mchezo. Akawa ananipita pale mlangoni ananisalimia hujambo Fundi, na mimi najibu sijambo binti, kama vile si mimi niliyemsuka asubuhi. Nilikuwa nimenogewa na hicho kiti. Nilijua nikisema ukweli nitatolewa, kwa sababu ibara niliyoifurahia ina mstari wa chini ambao mwanzo sikukuambia: mjumbe huru asiwe na ndugu mchezaji. Niliusoma siku ileile printa ilipokwama.

Juzi asubuhi Kibiriti alikuwa ananisaidia kupanga zile fomu mezani, chai inapoa. Akasoma yangu. Hakupiga kelele, na unamjua alivyo mwepesi kuwaka. Aliuliza tu, kama hakuna, yeye ni nani basi. Mama akazima redio. Mama, dada, alizima redio.

Nimejaza fomu nyingine. Swali la tatu nimeandika yupo mmoja, mtoto wa dada yangu, naishi naye. Ile ya kwanza sikuichana, nitaibandika pembeni yake, watu wazione zote mbili. Jana nilikwenda kwa katibu kumweleza. Akasema mimi ni mpumbavu, halafu akanipa maji. Akanifafanulia hesabu yenyewe: kura yangu ikifutwa inabaki mbili kwa mbili, na zikilingana, katiba inampa mwenyekiti uamuzi. Milango itafungwa tena. Na wa tisa kwenye orodha, anayesubiri nafasi ya Kibiriti, ni mjukuu wa mwenyekiti. Kila mzazi atakayesoma ile fomu ataamini mwanao aliingizwa na mimi, hata kama pointi zake ni safi kama maji ya betri. Katibu anasema atapigania kura irudiwe na mjumbe huru mpya, wa kweli safari hii, lakini haahidi kitu.

Mimi kiti nakiacha, hilo usinishauri, limekwisha. Linalonishinda ni mwanao. Zile fomu zangu mbili amekataa kabisa nizibandike mimi. Anasema atazibandika yeye kwa mkono wake, watu wote wakiwepo, halafu atasimama mezani na raketi yake na kumwambia mjukuu wa mwenyekiti njoo, seti tano, mbele ya wazazi wote, mwenye kushinda tatu ndiye wa nane. Nikamwambia nafasi ni yake kwa haki, hahitaji kuicheza mara ya pili. Akaniambia ni yake, ndiyo, ila kwa sasa ni mimi tu ninayejua hivyo, na neno langu limepungua thamani. Miaka kumi na tano, Jenerali! Sijui nimzuie nimlinde, au nikamshikie chupa ya maji.

Dereva wa gari la hospitali yenu anaondoka saa saba, anapokea barua hii mkononi mwangu. Itakufikia kesho, Ijumaa, na simu yangu itakuwa wazi mchana kutwa. Safari hii nikatize utakavyo. Mama anakusalimu, anasema usisimame sana na hilo goti. Wasalimie wenzako wa wodi, na yule mzee wa kitanda cha dirishani kama bado yupo. Kibiriti hajakuandikia salamu, anasema atakuambia mwenyewe akishacheza.

Ningekuuliza ungekuwa wewe ungefanyaje, lakini si suala la ungekuwa. Mama yake ni wewe. Nimwache acheze?

Mdogo wako,
Fundi Kelele