Ile Dawa ya Uchafu

Lubaga, Kampala
9 Novemba 2025

Mpendwa dada Lailah,

Assalamu alaikum. U mzima huko Muscat? Mgongo umepoa? Sisi hatujambo, mama bado anagombana na kuku wa jirani. Mimi nina afya, ila nina hasira, na usinitanie mpaka umalize kusoma.

Unajua ninachosomea: kutoa oksijeni kwenye maji kwa umeme. Tunatumbukiza kipande cha nikeli kwenye maji yenye dawa, mapovu yanatoka. Swali ni kipi hasa juu ya ile nikeli kinachofanya kazi. Nimehangaika nalo mpaka nikapata: ni chuma. Dawa yetu ya bei rahisi ina chembe za chuma, zinajipachika juu ya nikeli, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Nikiziondoa, nikeli inalala.

Msimamizi wangu, Daktari Oyat, amehubiri nikeli maisha yake yote. Sura yangu nzima akaipiga mstari. Chuma ni uchafu, alisema, sura hiyo niiondoe la sivyo hapitishi tasnifu. Uchafu! Sisi Wanubi tulioitwa watu wa kuja tangu shule ya msingi, kana kwamba tunaichafua nchi, neno hilo linanichoma mpaka leo.

Juzi wakaja wageni. Ili kuwapendeza akafungua dawa mpya, safi kabisa, na nikeli mpya. Nilikuwa nimemwonya asubuhi, akanipuuza. Akawasha umeme: vipovu viwili vitatu, basi. Jasho likamtoka.

Yeye alikulia kambi ya jeshi, ambako husemwa Kiswahili, kwa hiyo mambo ya siri huniambia kwa lugha hiyo, maana wengi hapa hawaijui. Akaninong'oneza, "Rukiah, leta ile dawa ya zamani."

Nikajibu kwa sauti, kwa heshima zote za Kiganda, "Ile ya uchafu, ssebo?"

Alisahau kwamba Profesa Nabwire, mmoja wa wageni, ni Mkenya. Mama huyo akageuka. "Uchafu gani?"

Nikamweleza yote huku naimimina ile dawa ya zamani, na mapovu yakaanza kupanda mbele yao.

Sasa Daktari anasema nimemvua nguo mbele ya watu, niombe radhi na nifute ile sura. Kwa kosa la kupaza sauti nitaomba radhi, maana ni mkubwa wangu. Sura sifuti. Kesho Jumatatu inakwenda mbele ya kamati na chuma chake, hata wakinifukuza.

Nisalimie shemeji Abdul-Karim, na Sumayiya umbusu. Allah awalinde ugenini.

Wako akupendaye, pamoja na uchafu wangu wote,
Rukiah